Uratibu wa Kujitolea katika Miradi ya Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi Unguja na Pemba

Kwa mujibu wa tathmini iliyotolewa mwaka 2021 na Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, na katika miaka ya 2006 hadi 2018 kasi yake ilifikia wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka. Kiasi hicho huonekana kidogo kikisomwa kwenye karatasi, lakini penye mabonde ya mpunga yaliyokaribiana na usawa wa bahari hutosha kuyafanya maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa sana mwezi unapoandama na unapopevuka, yavuke mahali ambapo zamani yalikuwa yakikomea. Kisiwa Panza, katika Wilaya ya Mkoani, kusini mwa Pemba, ni miongoni mwa maeneo yaliyoingiliwa na maji ya chumvi hadi minazi ikafa ikiwa imesimama na wakulima wakapoteza ardhi ya kulima.

Kuhimili mabadiliko ya tabianchi ni kurekebisha makazi, kilimo, uvuvi na matumizi ya pwani ili jamii ipunguze madhara ambayo tayari yamefika au yanatarajiwa kufika. Kazi hizo ni pamoja na kujenga matuta na kuta, kurudisha mikoko, kulinda visima na kufunga kwa muda maeneo ya kuvulia pweza ili wakue na kuzaana. Nyingi huanza kwa fedha za mradi wenye muda maalumu, ilhali bahari haina muda maalumu, na hapo ndipo mratibu wa kujitolea anapohitajika: mkaazi anayekubali, bila mshahara, kuwaunganisha wakaazi wa shehia (eneo dogo kabisa la utawala Zanzibar), wataalamu na wafadhili, kutunza kumbukumbu za kazi na kuhakikisha kwamba yaliyoamuliwa mkutanoni yanafuatiliwa hata baada ya wageni kuondoka.

Mratibu hana mamlaka yake mwenyewe, na ni vyema alitambue hilo tangu mwanzo. Sheha, yaani kiongozi wa shehia, ndiye anayeitisha mkutano wa shehia. Kamati za wavuvi na za mazingira ndizo zinazobeba maamuzi ya kila siku. Na kwa upande wa mikoko, Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu ya Zanzibar Na. 10 ya mwaka 1996 inaruhusu jamii kuingia makubaliano na Serikali ya kusimamia msitu uliopo katika eneo lao. Mratibu anayepanda miche pasipo kupitia njia hizo hujikuta akilinda peke yake kitu ambacho hakuna aliyekubali kukilinda.

Upandaji wa mikoko unastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndio unaopendwa zaidi na wafadhili na ndio unaoharibika kwa urahisi zaidi. Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado mtini, ikarefuka kama kijiti cha kijani, kisha huanguka na kuchukuliwa na maji hadi pale itakapokwama kwenye tope, kwa hiyo mahali palipo na miti mama ya mbegu karibu, na maji yanayopita vizuri, msitu mara nyingi hujirudisha wenyewe endapo ukataji utakoma. Swali la kwanza, basi, ni kwa nini mikoko haipo mahali panapokusudiwa kupandwa. Ikiwa imekatwa kwa ajili ya kuni, boriti au tanuri la chokaa, mazungumzo na wakataji juu ya nishati na kipato mbadala hutangulia upandaji. Ikiwa mkondo wa maji umezibwa, uzibuliwe kwanza. Katika pwani ya Zanzibar, ambako tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia takriban mita 4 wakati wa bamvua, mikoko humea katika nusu ya juu ya eneo linalofikiwa na maji, na miche iliyochomekwa chini zaidi, kwenye majani ya bahari au mchanga mtupu, hufunikwa muda mrefu kupita kiasi na kufa. Kila aina pia ina mahali pake: mlilana huelekea bahari wazi, mkoko wenyewe hufuata, na mkandaa hukaa juu zaidi. Wavuvi wazee na wanawake wanaookota chaza wanaijua mipaka hiyo kwa miguu yao, nao waulizwe kabla ya kamba za kupangia miche kuvutwa, na waoneshe pia diko la ngalawa na njia zisizopaswa kuzibwa.

Kwa sababu hiyo, idadi ya miche iliyopandwa si kipimo kinachofaa. Mratibu ahesabu iliyo hai baada ya kupita kusi na kaskazi, yaani misimu yote miwili ya pepo, na aandike pia iliyokufa na sababu yake, hata pale taarifa hiyo isipomfurahisha mfadhili.

Kilimo cha mwani kinadai uangalifu wa namna nyingine. Wakulima wake wengi ni wanawake waliozoea maji ya kina kifupi, na maji hayo yanapopata joto kali, mwani wa aina ya cottonii hudhoofika na kufa. Kuhamia kina kirefu husaidia, lakini hudai vyombo na ujuzi wa kuogelea, hivyo mradi usiotenga fedha za vyombo hivyo na za mafunzo ya kuogelea huwatoa wanawake katika kazi yao wenyewe.

Kujitolea hakumaanishi kujigharimia. Nauli, simu, buti na daftari vilipwe na mradi, na hesabu zake zisomwe hadharani katika mkutano wa shehia, kwani siri ya fedha ndogo huvunja imani iliyojengwa kwa miaka.

Anayetaka kuanza afike kwanza kwa sheha, aombe kujua kamati zilizopo na makubaliano yaliyokwisha kusainiwa, kisha atembee ufukweni wakati wa bamvua pamoja na wakaazi, akiweka alama mahali maji yalipofika na tarehe yake.