Bibi Amestaafu, Kazi Haijastaafu

Somo la mara hii lisomwe kwa sauti mkiwa mmekaa duara mkekani. Akina bibi wakae mbele, maana ni wao tunaowazungumzia.

Katika vikundi vingi tunavyovitembelea, mtunza hazina ni bibi. Huwa ni mwalimu mstaafu, au muuguzi, au alikuwa karani. Ukiuliza kwa nini alichaguliwa utaambiwa: ana mwandiko mzuri, anaaminika, na tena hana kazi. Mambo mawili ya kwanza tunayakubali. Hilo la tatu ndilo tunalotaka kulichambua leo.

Tumchukue bibi wa mfano. Si mtu fulani, msianze kutazamana! Tumwite Bi Mwalimu. Ana miaka 67. Alistaafu akiwa na miaka 60, kwa sababu mwaka 2009 serikali ilipandisha umri wa kustaafu kutoka 55. Anapata pensheni, kwa hiyo ile shilingi 2,000 ya mwezi ya Inua Jamii, ambayo tangu 2018 imepangiwa wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni, si yake. Anaishi na wajukuu watatu. Mama yao yuko Mombasa kikazi.

Sasa fanyeni zoezi hili. Leteni kokwa au simbi 24, kila moja ni saa moja. Mtu mmoja azipange mkekani kwa kufuata siku ya Bi Mwalimu: alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza, kuwaandaa watoto wa shule, kuchota maji, soko la samaki, kukuna nazi na kupika, kumtazama jirani mgonjwa, mkutano wa kikundi, kuandika daftari, chakula cha usiku, kusimamia masomo ya watoto. Waacheni akina bibi wenyewe wabishane juu ya hesabu. Kisha tazameni kokwa ngapi zimebaki za kulala, na ngapi za kukaa tu. Mwezi wa Ramadhani pangeni upya, mtaona wenyewe.

Pale ambapo kokwa zimeisha ndipo vijambo vidogo vidogo huanza. Sufuria imeungua kwa sababu aliitwa mlangoni. Miwani inatafutwa nyumba nzima, kumbe iko kichwani. Watoto hucheka, na yeye hucheka pia. Hapo hakuna ubaya. Lakini viko vingine si vya kucheka.

Dawa ni kimojawapo. Bi Mwalimu ana presha na sukari, na vidonge vyote viwili ni vyeupe. Asubuhi akisahau kama amemeza au hajameza, anameza tena "kwa usalama". Dawa ya sukari ikizidi na tumbo tupu, sukari hushuka mno: jasho, kutetemeka, kizunguzungu, hata kuzimia. Mjukuu anayejua kusoma achore mstari ukutani au kwenye kalenda kila dawa inapomezwa. Ni kazi ya nusu dakika. Anayetaka kufunga na ana sukari amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, asingoje kuanguka.

Mafuta ya mahamri nayo. Karai juu ya seredani, mtoto anapita mbio nyuma. Akiungua mtu, mwagieni maji safi ya baridi ya kawaida kwa muda wa dakika 20. Si dawa ya meno, si unga, si yai. Mahali ambapo maji ni ya kuhesabu, tumbukizeni mkono ndani ya beseni. Na mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda, hata siku moja. Mjukuu haoni mafuta ya taa, anaona soda.

Tuje kwenye kuanguka, maana hapa ndipo bibi anapoweza kupotea. Mfupa wa mwanamke aliyekoma hedhi hupungua nguvu mwaka hadi mwaka. Kijana akiteleza kwenye ngazi za gati hupangusa suruali na kwenda zake. Bibi akiteleza pale pale huvunjika nyonga. Maji yakipwa, ngazi za chini huwa na mwani na ute, naye ana kikapu mkono mmoja, leso mkono wa pili, na ndara zilizolika. Mabaharia wetu ni wepesi wa kuwapa watalii mkono. Tunaomba mkono huo huo kwa Bi Mwalimu, na kikapu kitangulie peke yake.

Akianguka na akashindwa kusimama, mkaona mguu umekuwa mfupi na kidole kimegeukia nje, asivutwe wala asikandwe. Wakandaji wetu tunawaheshimu, lakini nyonga iliyovunjika si kazi yao. Wekeni mto kati ya miguu, ifungeni pamoja kwa leso bila kukaza, mlazeni juu ya ubao au mlango, na apelekwe hospitali. Kwa aliye Kizingitini au Kiwayu, kufika hospitali ya King Fahd mjini Lamu ni safari ya bahari, na kusi likivuma si safari nyepesi. Kikundi kijue mapema nani ana boti, na pesa za mafuta ya boti ya dharura ziwe tayari, si zianze kuchangwa mgonjwa akiwa amelala chini.

Sasa jambo ambalo vikundi hawapendi tulitaje: pesa.

Bi Mwalimu anakusanya michango Jumamosi. Wanachama 12, shilingi 100 kila mmoja, jumla 1,200. Mmoja anampa mkutanoni, mwingine anamsimamisha njiani, mwingine anatuma mtoto wakati mafuta yanachemka. Zote zinaingia pindo la leso. Katika pindo hilo hilo kuna pesa ya samaki na ya mahamri. Jioni taa hafifu, macho yamechoka, anaandika daftari. Jumamosi inayofuata hesabu inasoma 1,200 na pesa zilizopo ni 1,050.

Hapo huja kimya. Hakuna anayesema "umeiba". Wanasema, "Basi Bi, tazama vizuri nyumbani." Na Bi Mwalimu anafanya nini? Anatoa 150 kutoka pensheni yake, anarudisha, na hasemi kitu. Mwezi unaofuata tena. Vikundi vingine vimeishi hivi kwa miaka: daftari safi, na bibi mmoja analipia makosa ya utaratibu mbovu ili jina lake lisichafuke. Kisha siku moja pensheni inachelewa, halipi, na jina linachafuka kwa siku moja baada ya miaka 40 ya uaminifu. Sisi tunasema waziwazi kwamba huo ni udhalimu, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Dawa yake haina gharama kubwa. Pesa ipokewe mkutanoni tu, ihesabiwe mbele ya wote, itiwe kwenye sanduku la kufuli tatu, na funguo ziwe kwa watu watatu ambao si mtunza hazina. Sanduku la namna hii linatumika katika vikundi vya kuweka na kukopa, vile vilivyoanzishwa Niger mwaka 1991. Wanaotuma kwa M-Pesa, itumwe kwa namba ya kikundi, si ya simu anayochezea mjukuu huku namba ya siri anaijua. Na daftari liwe na mtu wa pili: msichana aliyemaliza kidato cha nne akae kando ya Bi Mwalimu miezi sita, aandike yeye, bibi asahihishe. Atakuwa anafundisha tena, kazi aliyoizoea, bila kubeba mzigo peke yake.

Maswali ya kujadiliana:

Mtunza hazina wetu ana umri gani, na kokwa zake za kulala ni ngapi?

Je, kuna wakati pesa zilipungua kisha "zikapatikana"? Zilitoka wapi? (Mwenyekiti, mpeni nafasi aseme mwenyewe, na akikataa msimlazimishe.)

Ni kazi gani moja ya Bi Mwalimu ambayo wanaume wa kikundi hiki wanaweza kuichukua kuanzia wiki hii? Andikeni jina la mtu, si "tutasaidiana".