UJIRA WA LEO ULIPWE LEO

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:14-15, Mathayo 20:1-16



Mara nyingi tunasikia watu wakisema kwamba maskini hubaki maskini kwa sababu hajui kupanga fedha zake. Katika somo hili tutalipima neno hilo kwanza kwa hesabu, kisha kwa Maandiko, na mwisho tutajiuliza sisi wenyewe tunadaiwa nini.

1. Hesabu ya mwezi na hesabu ya siku

Tuchukue mfano wa kibarua mwenye mke na watoto. Chakula, sabuni na mahitaji mengine ya nyumba yanamtaka shilingi 4,000 kwa siku, yaani 120,000 kwa mwezi wa siku 30. Akipata kazi siku 15 kwa ujira wa shilingi 8,000, naye atapata 120,000. Hesabu ya mwezi inalingana.

Lakini tuseme siku 10 za kwanza mvua haikukatika, wala hakuna aliyemwita kazini. Watoto hawawezi kungoja, basi anakopa shilingi 40,000. Kisha anafanya kazi siku 15 mfululizo na kupata 120,000; katika siku hizo anatumia 60,000, na kulipa deni lake la 40,000. Zinabaki 20,000 za siku 5 za mwisho. Amefika salama. Ila mkopeshaji akidai nyongeza ya shilingi 10,000 tu, nyumba ile itakosa chakula siku mbili na nusu. Mtu huyu hakufuja hata senti moja. Shida yake ni kwamba fedha haikuja siku ya haja.

2. Jinsi wanavyojisaidia

Mwaka 2009 kilitolewa kitabu cha Daryl Collins na wenzake, waliofuata mapato na matumizi ya familia maskini kwa muda wa mwaka mmoja katika Bangladesh, India na Afrika Kusini. Waliona kwamba familia hizo hazili kila senti siku ile ile inapopatikana. Huweka, hukopa, hukopesha na kulipa, tena kwa njia nyingi kwa wakati mmoja.

Hata hapa Masasi tunayajua hayo. Yuko mwenye kibubu chini ya kitanda, na mwenye kuweka kidogo katika simu. Mwingine hufuga kuku ili apate cha kuuza siku ya ugonjwa, na mwingine huandikwa katika daftari la mwenye duka. Kina mama wana upatu: watu 10 wakitoa shilingi 5,000 kila wiki, kila mmoja kwa zamu yake hupokea 50,000. Upatu ni mzuri kwa kununua bati au sare za shule, lakini ugonjwa haungoji zamu. Kwa hiyo vikundi vya kuweka na kukopa, vyenye sanduku la kufuli tatu na mfuko mdogo wa msiba na maradhi, vimewafaa wengi. Tukumbuke pia kwamba kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi hivyo hutakiwa kuandikishwa.

Mkulima wa korosho naye ana taabu yake. Fedha yake huja mara moja kwa mwaka, lakini miezi ya palizi huja na ghala tupu. Hapo ndipo kangomba humpata: hupokea fedha kidogo leo, na wakati wa mavuno hulipa kwa korosho zenye thamani kubwa kuliko alichopewa. Bei nzuri peke yake haimwokoi. Mnamo Novemba 2018 ilitangazwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, nayo ilikuwa njema. Lakini wengi walingoja malipo kwa miezi, na palizi haikuwangoja wao.

3. Maandiko yanasema nini

Torati haikutaja tu kiasi cha ujira, ilitaja saa. Mwajiriwa maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, kwa sababu moyo wake umeutegemea ujira huo. Kuchelewesha kunahesabiwa dhambi.

Katika mfano wa Bwana wetu, watu waliosimama sokoni hata saa kumi na moja hawakuwa wavivu. Walipoulizwa, walijibu kwamba hapana mtu aliyewaandika. Mwenye shamba aliwalipa jioni ile ile, na kila mmoja akapata dinari, kwa maana tumbo la aliyefanya kazi saa moja ni sawa na tumbo la aliyefanya kazi mchana kutwa.

4. Tunadaiwa nini

Kwanza, tumlipe kibarua, fundi cherehani na anayetufulia siku ile ile kazi inapokwisha. Kumwambia "njoo Jumamosi" ni kumkopa asiye na cha kukopesha, tena bila ridhaa yake.

Pili, Halmashauri ya Mtaa iangalie kalenda ya wakulima inapopanga michango. Mchango wa Novemba na mchango wa Februari, hata kama kiasi ni kimoja, uzito wake si mmoja. Atakayeleta kuku au debe la mahindi apokewe kwa heshima.

Tatu, tusisome mbele ya watu majina ya waliopungukiwa. Huenda wamo katika zile siku 10 za mvua.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, yuko mtu ambaye leo anangoja fedha yake kwetu? Amengoja siku ngapi?
2. Katika kikundi chenu, mwanachama akiugua kabla ya zamu yake, anasaidiwaje?
3. Ni miezi gani iliyo migumu zaidi katika kijiji chenu, na Kanisa lingefanya nini katika miezi hiyo?

Tuombe. Ee Mungu, unayetupa mvua na jua kwa majira yake, uwape vibarua kazi na wakulima malipo, utuondolee ugumu wa mkono, ili jua lisitue juu ya deni letu kwa maskini. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.