Mtoto Anayechelewa Kutembea

Somo: Hosea 11:1-4, Yohana 9:1-3, Marko 2:1-12



Katika sura ya 11 ya kitabu cha Hosea, Mungu ajifananisha na mzazi. Akumbuka jinsi alivyomfundisha Efraimu kwenda kwa miguu, akimshika mikono. Kila aliyelea mtoto ayajua mambo hayo. Mtoto husimama akishika kiti, huachia, huenda hatua mbili, huanguka, na nyumba nzima hushangilia. Lakini ziko nyumba ambazo siku hiyo haiji upesi. Watoto wa rika lake wakimbia uani, naye angali amekaa mkekani. Jirani huuliza, "Huyu bado?" Mama hujibu kwa sauti ndogo, kisha huanza kumficha mtoto ndani. Kwa ajili ya nyumba hizo naandika somo hili. Tena naandika kwa sababu ya kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa usharika alinijia jioni, mwanawe mgongoni. Mtoto alikuwa na miezi 20, wala hajatembea. Akaniambia, "Baba Mchungaji, wakwe zangu wasema nimeleta mkosi katika ukoo. Tena mtoto huyu hutumia mkono wa kushoto tu, wa kulia huukunja." Mimi nikatabasamu, nikamjibu, "Usiogope, mama. Atakuwa mtu wa mkono wa kushoto. Tusali, tusubiri." Tukasali. Sala ile ilikuwa njema, lakini shauri langu lilikuwa baya. Mtoto alipofika hospitali alikuwa karibu na miaka 3. Daktari akatueleza kwamba ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliumia kabla ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa, na kwamba ukano wa kisigino cha kulia umekwisha kufupika. Mazoezi yangalianza mapema, kazi ingalikuwa nyepesi. Leo binti yule aja kanisani kwa miguu yake, amevaa kiatu chenye kitegemeo. Namshukuru Mungu. Lakini mwaka ule mzima naliupoteza mimi, kwa neno la upole lisilo na maarifa. Basi, tujifunze mambo manne.

1. Kusubiri kuna kipimo chake.

Watoto hawalingani. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa habari za watoto wenye afya waliochunguzwa katika nchi 5, yaani Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Karibu wote walianza kutembea peke yao kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Wengi walianza karibu na mwezi wa 12. Wachache hawakutambaa kamwe kwa mikono na magoti, nao walitembea. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa miezi 13 au 14 asiyetembea bado, ila akaa vizuri, ashika vitu na kusimama, acheza kwa mikono yote miwili, asihangaike. Wala jirani asimhangaishe. Ampe nafasi ya kucheza chini, miguu mitupu, mahali safi, amshike mikono kama Hosea asemavyo. Kigari cha magurudumu cha kumtia mtoto hakimfundishi kutembea, tena huweza kumwangusha.

Lakini mtoto akitimiza miezi 18 bila kutembea peke yake, kusubiri kumekwisha. Apelekwe hospitali, hata kama anakula na kucheka. Kama alizaliwa kabla ya wakati wake, miezi ihesabiwe tangu siku aliyotazamiwa kuzaliwa. Si kwamba kila mtoto wa namna hii ni mgonjwa. Wengi huonekana wazima, nao hutembea baadaye. Lakini apaswaye kusema hivyo ni mganga wa hospitali aliyempima, wala si mchungaji mlangoni pa kanisa.

2. Ziko dalili zisizongojea mwezi wa 18.

Mzazi asingoje akiona mojawapo ya haya: mtoto amepita miezi 9 naye hawezi kukaa bila kutegemezwa, kabla ya mwaka mmoja atumia mkono mmoja tu na kuuacha mwingine, mwili ni mkakamavu, na miguu hupishana kama mkasi, au mwili ni mlegevu mno, au alijua jambo, kama kukaa au kusimama, kisha akalipoteza. Dalili ya pili ndiyo ile niliyoambiwa, nikaicheka.

Tena mtoto aliyezaliwa na unyayo uliopinda kuingia ndani asingojwe hata mwezi. Unyayo wa namna hii hunyoshwa kidogo kidogo kwa plasta zinazobadilishwa kila juma, na mara nyingi hupona bila upasuaji mkubwa, kazi ikianzwa angali mchanga. Bali miguu ya matege kidogo kwa mtoto wa chini ya miaka 2 mara nyingi ni jambo la kawaida.

3. Tusitafute wa kulaumiwa.

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana akakataa yote mawili. Hata hivyo swali lile lingali laulizwa vijijini mwetu, na mara nyingi jibu humwangukia mama: amevunja mwiko, ameleta laana, ukoo wake una kasoro. Ndugu zangu, maneno haya hayamsimamishi mtoto. Humfukuza mama kwao, humpeleka mtoto kwa wapiga ramli, na miezi huzidi kupita.

Sababu zenyewe zajulikana. Mtoto huweza kuumia ubongo kwa kuzaliwa kwa shida na kukosa pumzi, kwa manjano kali ya siku za kwanza, kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa malaria iliyopanda kichwani. Huweza kudhoofika kwa utapiamlo. Mifupa yake huweza kuwa laini kwa kukosa vitamini D, ambayo mwili huipata hasa katika mwanga wa jua. Na mtoto afichwaye ndani hukosa hata jua hilo.

4. Usharika umbebe.

Katika Marko 2 mtu mwenye kupooza hakufika kwa Yesu peke yake. Watu wanne walimchukua, na mlango ulipoziba walifungua dari. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther aifafanua Amri ya Tano kuwa si kuacha kuua tu, bali kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili wake. Basi, nauli ya hospitali ni kazi ya Amri ya Tano. Mazoezi ya mtoto hutaka safari nyingi, tena kazi ya kila siku nyumbani. Mama mmoja huchoka. Baba na aende naye, ajifunze kumnyosha mtoto. Umoja wa wanawake wamlimie siku ya kliniki. Wazee wa kanisa waone nyumba ambayo mtoto haonekani, wabishe hodi kwa heshima.

Wala tusidanganyane: wako watoto ambao hawatatembea kamwe, hata wakitunzwa vema. Mefiboshethi aliumia akiwa na miaka 5, naye hakupona. Lakini Daudi alimketisha mezani pake siku zote (2 Samweli 9). Mtoto wa namna hii aletwe kwenye ubatizo, abebwe mpaka shule ya Jumapili, apelekwe shule. Mezani pa Bwana hatuulizwi tumefika kwa miguu ya nani.

Maswali kwa walimu na vikundi:

1. Katika mtaa wako, ni mtoto gani hujamwona muda mrefu? Nani atakwenda?
2. Mama akikwambia mwanawe ana miezi 19 na hatembei, utamjibu nini?
3. Ni maneno gani ya lawama yasemwayo kwetu, na Yohana 9 yayajibuje?
4. Je, sala na hospitali vyapingana? Jibu kwa Marko 2.

Mungu aliyetushika mikono tulipokuwa hatujui kwenda, atufundishe kuwashika wengine, wala tusichelewe. Amina.