Somo la Nyumbani: Tangawizi Yenye Povu na Kileo Kidogo

Mkulima akiisha kuvuna hupenda kuwapa wageni wake kitu cha kuchangamsha, lakini hapendi waondoke wakipepesuka. Kinywaji cha tangawizi kinafaa sana kwa kazi hiyo, nacho hutengenezwa jikoni kwa siku mbili tatu. Kina hatari moja, yaani chupa kupasuka. Basi, soma mpaka mwisho kabla hujawasha moto.

Tafuta tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba mara mbili, sukari gramu 150 (vijiko vikubwa 12 vilivyosawazishwa), malimau 2, na hamira ya mkate robo ya kijiko cha chai. Tafuta pia chupa ya plastiki ya lita 2 iliyokuwa na soda. Ya maji haifai, ni nyembamba mno.

Paraza tangawizi, uichemshe pamoja na sukari katika nusu lita ya maji kwa dakika 15. Chuja, tia maji ya limau, kisha ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa. Ngoja mpaka yote yawe vuguvugu, ndipo utie hamira; maji ya moto huiua. Jaza chupa, lakini uache nafasi ya vidole vinne juu. Funga sana.

Sasa tuangalie kazi inayofanyika ndani. Hamira hula sukari na kutoa vitu viwili: kileo, na hewa ile ile inayoumua mkate. Kila gramu 17 za sukari zinazoliwa katika lita moja hutoa kileo cha asilimia 1 hivi. Wewe umetia gramu 75 kwa lita. Zikiliwa zote, kileo kitapita asilimia 4, na hewa itakuwa zaidi ya mara nne ya ile ya soda ya dukani. Hakuna chupa ya kuihimili. Ukitumia ya kioo, vipande vitaruka kama risasi, na jikoni ndimo watoto wanamochezea.

Kwa sababu hiyo twatumia plastiki, maana inaweza kubonyezwa. Ibonyeze asubuhi na jioni. Sehemu za joto huwa ngumu kwa siku moja au mbili; sehemu za baridi kama Kinangop huchukua siku zaidi. Ikiwa ngumu kama ya soda mpya, iko tayari: kileo ni karibu asilimia 1 tu, na utamu umebaki. Itie katika friji, uimalize kwa siku chache. Asiye na friji ainywe siku hiyo hiyo. Usiseme utaiacha mpaka Jumapili! Fungua polepole, ukitoa hewa kidogo kidogo.

Wakubwa wanaopenda divai wachanganye kipimo 1 cha divai ya asilimia 12 na vipimo 2 vya tangawizi hii, pamoja na maji ya pasheni kidogo. Kileo kitashuka hadi asilimia 4 na nusu hivi, na ladha haipotei. Usitie chang'aa hata tone moja, kwa kuwa hujui kilichomo.

Watoto wasipewe. Wapikie tangawizi na limau bila hamira. Wala usiuze: sheria ya vileo ya mwaka 2010 yataka leseni kwa anayetengeneza kileo cha kuuza.