SOMO KWA MAKATIBU: NAMNA YA KUKUSANYA TAKWIMU ZA CHAMA



Kila mwaka, kabla ya msimu kuanza, chama cha msingi huulizwa maswali yale yale: kina wanachama wangapi, wana mibuni mingapi, wanatazamia kuvuna kilo ngapi, wanahitaji dawa na mbolea kiasi gani. Aghalabu majibu hupatikana kwa jioni moja. Katibu huketi mezani, hutazama fomu ya mwaka uliopita, huongeza kidogo hapa na kupunguza kidogo pale, hupiga muhuri, na fomu huondoka. Katika somo hili twataka kueleza gharama ya tabia hiyo, na jinsi chama kisicho na fedha nyingi kinavyoweza kupata takwimu za kuaminika.

Nilipokuwa karani wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa, tulitakiwa kutoa hesabu ya mibuni ili dawa ya chulebuni na ya kutu ya majani iagizwe kwa mkopo. Tuliitisha mkutano. Kila aliyehudhuria alisimama akataja idadi ya mibuni yake, nami nikaandika. Wasiohudhuria, ambao walikuwa zaidi ya nusu, tuliwakadiria kwa wastani wa waliohudhuria. Dawa ilipofika ikazidi mahitaji kwa kiasi kikubwa, na iliyobaki ikakaa ghalani hata muda wake wa matumizi ukapita. Deni halikukaa ghalani. Lilikatwa katika kila kilo iliyopimwa msimu ule, na miongoni mwa waliokatwa walikuwamo wajane wenye mibuni michache iliyozeeka, ambao hawakuchukua hata chupa moja. Mmoja wao aliniuliza dirishani, “Mwanangu, mimi nalipia dawa ya nani?” Sikuwa na jibu.

Makosa yetu yalikuwa mawili, na yafaa kuyatenganisha. La kwanza ni kwamba waliosimama walikuwa na sababu ya kutia chumvi: walikwisha kusikia kuwa dawa itagawanywa kwa idadi ya mibuni, tena walisema mbele ya majirani zao. Kosa la pili ni kubwa zaidi ingawa halionekani upesi. Tuliwafanya wasiokuwapo kuwa sawa na waliokuwapo. Anayekuja mkutanoni mara nyingi ndiye mwenye shamba kubwa na haja ya dawa. Asiyekuja huenda ni mgonjwa, au shamba lake liko mbali, au amekwisha kung’oa mibuni akapanda migomba.

Kosa hili limewapata hata wakubwa. Mwaka 1936, jarida moja la kila wiki huko Marekani, Literary Digest, lilipeleka karatasi za kura ya maoni kwa watu wapatao milioni 10, likiuliza watamchagua nani kuwa Rais. Zilirudi kama milioni 2.3, nalo likatangaza kuwa Alfred Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, aliyeuliza watu wachache zaidi kwa mbali lakini kwa kuangalia wawe wa kila namna, alikuwa ametabiri kuwa Roosevelt atashinda. Majina ya Literary Digest yalikuwa yametolewa kwa wingi katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika mwaka ule wa dhiki wenye simu na magari hawakuwa mfano wa taifa zima. Zaidi ya hayo, walioona vema kurudisha karatasi hawakuwa na mawazo sawa na walioziacha. Wingi wa karatasi haukuponya lolote.

Kwa hiyo katibu asijisifu kwa wingi wa fomu zilizorudi zenyewe. Na aulize kwanza: ni nani hayumo humu?

Vitabu vya chama

Kabla ya kumwuliza mtu swali, tazama ulicho nacho. Daftari la wanachama, nakala za stakabadhi na kitabu cha mzani ni hazina, tena hazigharimu kitu. Lakini kila kitabu husema kile tu kilichopita mbele yake. Mzani haujui kahawa iliyouzwa kwa mlanguzi usiku, wala ile iliyouzwa ingali mtini, ambayo ndugu zetu wa Kagera huiita butura. Daftari nalo huwa na marehemu wengi kuliko tunavyopenda kukiri. Lisafishwe kwanza, kitongoji kwa kitongoji, pamoja na mjumbe anayewafahamu watu wa mahali pale.

Kuuliza

Kuuliza kwa fomu iliyopelekwa nyumbani ni rahisi, lakini fomu hurudi kwa wachache, nasi tumekwisha ona hatari yake. Kumwendea mwanachama ni bora. Anayekwenda asalimu kama ipasavyo, akae, aeleze ni kwa ajili ya nini anauliza na kwamba si kwa ajili ya kodi wala kudai deni. Amwombe mwenye mji ruhusa ya kuzungumza na yule anayefanya kazi shambani. Mara nyingi mama ndiye ajuaye mibuni mingapi ilikatwa mwaka jana na mingapi ilikauka, hata kama kitabu cha uanachama kina jina la baba.

Swali lenyewe lina kazi. Ukimwuliza mtu, “Je, unapiga dawa kama ulivyofundishwa?” atajibu ndiyo, kwa maana swali limekwisha kumwambia jibu lipendezalo. Uliza badala yake, “Mara ya mwisho kupiga dawa ilikuwa lini? Ulitumia mabomba mangapi?” Usiulize mambo mawili katika swali moja. Usiseme “mwaka jana” bila kuonyesha mwanzo na mwisho wake. Sema tangu kufunguliwa kwa msimu hadi mzani ulipofungwa. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 iliwauliza watu waliolala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, ijapokuwa makarani waliendelea kupita kwa siku kadhaa, ili asiwepo wa kuhesabiwa mara mbili kwa sababu ya safari. Nasi katika chama tunahitaji siku yetu moja ya kupimia.

Vipimo navyo visipuuzwe. Mmoja akisema debe na mwingine akisema gunia, andika alivyosema, kisha uliza ujazo wake. Gunia la lumbesa si gunia. Ukibadilisha kuwa kilo mwenyewe kichwani ukiwa njiani, hakuna atakayeweza kukusahihisha baadaye.

Kuhesabu kwa macho

Jambo ambalo jicho laweza kuliona, mdomo usilimalize. Mtaalamu wa India, Prasanta Chandra Mahalanobis, aliyeanzisha Taasisi ya Takwimu ya India mjini Calcutta mwaka 1931, alifanya kazi kubwa ya kukadiria mashamba ya Bengal ya zao la jute, ambalo nyuzi zake hushonewa magunia. Watu wake walikwenda katika vipande vya ardhi vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, wakapima kwa mikono yao. Katika kazi za namna hiyo iligunduliwa kuwa vipande vidogo sana huzidisha mavuno, kwa maana mpimaji aonapo mmea ulio mpakani huelekea kuuingiza ndani. Hafanyi hila, ni tabia ya mwanadamu. Ukihesabu mibuni katika sehemu ya shamba, basi, weka sharti mapema: iliyo juu ya mpaka wa pande mbili ihesabiwe, ya pande mbili nyingine iachwe.

Jingine la kuiga ni hili. Mahalanobis aliwagawa wapimaji katika makundi yaliyofanya kazi mbalimbali, kila moja likiwa na sampuli yake kutoka eneo lile lile. Majibu yakiachana mno, ni dalili kwamba kuna kundi lililokosea. Chama chenye makarani wawili chaweza kufanya vivyo hivyo bila kuongeza senti.

Kuchagua watakaotembelewa

Kumtembelea kila mwanachama ni kazi ya miezi. Lakini wachache waliochaguliwa kwa haki wanatosha kwa makisio. Tuseme daftari lililosafishwa lina wanachama 840, na nguvu yenu ni ya kutembelea 60. Gawanya 840 kwa 60, upate 14. Andika vijikaratasi vya namba 1 hadi 14, mtoto achote kimoja mbele ya kamati. Akipata 9, utamwendea mwanachama wa 9 katika daftari, kisha wa 23, wa 37, wa 51, na kuendelea hivyo hadi wa 835. Tuseme hao 60 wameonekana kuwa na mibuni 18,600. Wastani ni 310 kwa kila mmoja, na makisio ya chama kizima ni 260,400. Mwanachama mmoja mwenye shamba kubwa mno aweza kuvuta wastani huo juu. Wenye mashamba ya namna hiyo wakiwa wanafahamika, wahesabiwe wote peke yao, na kura ipigwe kwa waliobaki.

Hapa ndipo makarani wengi hushindwa. Wakifika kwa mwanachama wa 23 wakamkosa, huingia kwa jirani aliye nyumbani. Kwa tendo hilo dogo wameurudisha ule mkutano wetu wa zamani, wa kuhesabu waliopo. Rudi kwa wa 23 siku nyingine, na ya tatu, jioni au alfajiri. Akikosekana kabisa, aandikwe kuwa hakupatikana, wala nafasi yake isijazwe na mtu mwingine.

Majibu ya mtu mmoja mmoja si habari ya kijiweni. Deni la fulani na idadi ya mibuni yake visisomwe mkutanoni. Hesabu ya jumla ndiyo isomwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata pasipo sheria, mwanachama aliyesikia siri yake ikitajwa kilabuni hatasema kweli msimu ujao. Fomu zifungiwe kabatini, na ufunguo uwe kwa mtu mmoja anayejulikana.

Mwisho, chini ya kila fomu inayopelekwa kwenye Chama Kikuu, katibu aandike kwa mkono wake: takwimu hizi zimepatikana kwa njia gani, tarehe ngapi, na nani aliyeuliza, wangapi walichaguliwa, wangapi walionekana, wangapi hawakupatikana. Na kama hesabu ni ya kukadiria mezani, aandike hivyo hivyo, ili anayeagiza dawa ajue ameshika nini mkononi.