Mchaichai Uliobanwa na Bidoni

Somo la juma hili: Yeremia 29:4-7, Luka 13:6-9



Yeremia aliwaandikia barua watu waliochukuliwa mateka toka Yerusalemu hadi Babeli. Wengi wao walitazamia kurudi upesi. Barua ikawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani, kwa maana ingekuwa miaka 70. Tuangalie kwamba bustani imetajwa kabla hata ya habari ya kuoa na kuoza.

Sisi wakimbizi wa Kigali twapenda kupanda kwenye bidoni iliyokatwa, ili tukiambiwa tuondoke tubebe. Hofu hiyo ina sababu. Kambi ya Gihembe iliyofunguliwa 1997 ilifungwa 2021 kwa ajili ya mmomonyoko, na familia nyingi zikahamishiwa Mahama. Lakini mchaichai haungoji makaratasi. Unazidi kutoa mashina, mizizi inazunguka ndani ya bidoni mpaka udongo karibu unakwisha. Ukimwagilia, maji yanapita moja kwa moja chini. Majani yanakauka ncha, na mama anaongeza maji bila faida.

Katika Luka 13, mtunza shamba hakuomba nafasi ya kumwagilia ule mtini. Aliomba kuchimba pembeni mwake na kutia samadi. Alianzia kwenye mizizi, nasi tuanzie huko.

Loweka bidoni ndani ya beseni mpaka mapovu yaishe. Punguza majani yabaki kama kiganja kimoja cha mkono. Kisha pasua bidoni ubavuni. Usivute mmea kwa majani. Utakuta mizizi imesukana kama mkeka. Kata huo mkeka wa chini kwa kisu kikali, halafu pasua kichaka chote katika mafungu yenye mashina mawili au matatu, kila fungu na mizizi yake.

Hapa ndipo wengi huona huruma, wakaurudisha mzima. Huruma hiyo yaua. Mizizi iliyozoea kuzunguka, ikipandwa vilevile, huweza kuendelea kuzunguka hata katikati ya udongo mzuri. Mchaichai ni jamii ya nyasi, wavumilia kisu. (Rozmari siyo hivyo: hiyo ilegeze mizizi kwa vidole, ukate kidogo tu.) Nyumbani tuulizane: tangu tufike hapa, ni mazoea gani ya bidoni ambayo bado tunazunguka nayo?

Panda mvua zinapoanza, mwezi wa 9 au wa 3. Changanya udongo na samadi iliyooza, maana mbichi huunguza. Acha nafasi ya kama sm 60 kati ya mafungu, shindilia kwa mikono, mwagilia, kisha tia kivuli cha majani ya migomba kwa juma moja. Kwenye mteremko, na Kigali ni vilima vitupu, panga mstari ukatize mteremko. Mizizi itashika udongo usiende na mvua.

Mwenye nyumba ya kupanga aombe ruhusa kwanza. Akikataliwa, gunia kuukuu lenye matundu chini latosha, ila mmea ugawanywe tena ukijaa. Mafungu yanayobaki wapelekeeni majirani, wenyeji pia, kwa kuwa Yeremia aliagiza kuutakia mji amani. Msikate ya chai mpaka majani mapya yafike magotini.