Ganda la Tabo na Kona 57 za Chimala

Kutoka Chimala kwenda Matamba, barabara inaupanda mlima kwa kona 57. Simama kwenye mojawapo, lori lililobeba mbolea likipita. Dereva anashusha gia, injini inanguruma, moshi mweusi unafuka. Baada ya kitambo unasikia mluzi mwembamba. Moshi unapungua, gari linapata nguvu. Kati ya moshi ule na mluzi ule ndipo lilipo somo letu.

Tuanze na moto. Kilo 1 ya dizeli huhitaji kilo 14.5 hivi za hewa ili iungue yote, kwa hiyo lita moja hutaka kilo 12 hivi. Dar es Salaam, kiasi hicho ni kama mita za ujazo 10. Huko juu mlimani, kwenye Uwanda wa Kitulo, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Utahitaji kama 13. Silinda haipanuki gari likipanda mlima, na dizeli iliyokosa hewa hugeuka masizi.

Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi alisajili hataza ya dawa ya tatizo hilo: moshi wa eksozi uzungushe pangaboi, na pangaboi hilo, kwa shafti, lizungushe jingine linalosukuma hewa kuingia kwenye injini. Kifaa hicho ndicho tabo, na mluzi ule ni wake. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege yenye tabo hadi Pikes Peak, zaidi ya mita 4,200, akathibitisha kwamba nguvu inayopotea mlimani hurudishwa.

Sasa litazame ganda la chuma la tabo, upande wa eksozi, lenye umbo la konokono. Wakulima wa mpunga wa Usangu wanaijua kanuni yake. Bana mfereji, maji yatapita kwa kasi. Bana kupita kiasi, yatajaa nyuma na kufurika. Ganda nalo huubana moshi kabla haujafika kwenye pangaboi.

Kipimo chake ni hiki: chukua eneo la tundu la njia ya moshi, ligawanye kwa umbali kutoka katikati ya tundu hilo hadi katikati ya shafti. Jibu mara nyingi huandikwa kwenye chuma, kwa mfano 0.63 au 0.82. Namba ndogo ni njia nyembamba: pangaboi huamka mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole. Lakini mizunguko ikiwa mingi moshi hukwama, na pistoni hutumia nguvu kuusukuma nje. Namba kubwa hukawia kuamka, ila huipa injini pumzi ndefu kwenye mwendo wa kasi.

Basi kabla ya kubadilisha ganda, uliza injini inashinda wapi. Lori linalokimbia barabara kuu ya kwenda Tunduma laweza kufaidika na ganda kubwa, endapo dizeli na hewa vitaongezwa kwa pamoja. Lori la kona 57 hupungua mwendo kila kona, na hapo ganda kubwa humwachia dereva moshi mrefu na nguvu iliyochelewa.

Anza kwa kuondoa vikwazo vya kawaida vya hewa: filta iliyojaa vumbi na mpira wa hewa unaovuja. Kisha panda naye dereva mlimani, uhesabu sekunde kati ya moshi na mluzi. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia ganda lipi ununue.